Haika, Kabla Hujamlipa Mtu Kiinua Mgongo Chake

Haika mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga bibi yako, na najua hatakuachia mapema. Atakulisha kiburu chake cha ndizi na maharage mpaka ushindwe kupumua, halafu ataanza kukuombea, na sala za bibi yako unazijua zilivyo ndefu. Kwa hiyo nina nafasi. Baba yako yuko bandani anakamua, mtori unatokota jikoni, na mimi nimekaa kwenye benchi la nje naandika mambo ambayo nikikuambia kwa mdomo nitalia, nawe utasema, "Mama, basi."

Sitakuandikia habari za sweta. Watu wameshakutisha vya kutosha kuhusu baridi ya Mufindi, na wewe umezaliwa huku juu. Sitakuandikia habari za kula, za kanisani wala za wanaume. Kama hayo hukuyapata hapa nyumbani miaka yote hii, barua moja haitakusaidia.

Nataka tuongee habari ya kazi. Tangu uliponipigia simu ukasema, "Mama, nimepata! Ofisa utumishi, kiwanda cha chai," mimi sikanyagi chini. Nimemwambia kila mtu sokoni. Nimemwambia hata yule muuza chumvi ambaye hatusalimiani. Akaniuliza, "Ofisa utumishi ndiyo kazi gani?" Nikajibu kwa sauti ili na wa meza ya jirani asikie, "Ndiye anayeajiri watu, na ndiye anayewaaga."

Nilipokuwa napandisha kuja nyumbani, hilo neno la mwisho likanirudia. Anayewaaga. Mimi nimewahi kuagwa kazini, Haika. Wewe ulikuwa bweni wakati ule, na tulichokuambia ni kwamba mama amehama kazi. Tuliogopa utaacha kusoma ukae unawaza ada. Sasa umekuwa mtu mzima, na umechagua mwenyewe kazi ileile ya mtu aliyeniaga. Ni haki yako kujua yote.

Unaikumbuka ile hoteli iliyo karibu na msitu, wanakolala wageni kabla ya kupanda mlima. Niliingia pale kama mfuaji ulipokuwa bado mgongoni. Tulifua mashuka, mablanketi, na nguo za watu walioshuka kileleni na vumbi la mlima mpaka ndani ya masikio. Zamani tulifua kwa mikono. Baadaye wakaleta mashine, wakanifanya mkubwa wa chumba cha kufulia. Mwenye hoteli alikuwa mama mmoja mjane, Mama Shayo, na meneja wake alikuwa Bwana Temba. Rafiki yangu pale alikuwa Mama Deo, mwanamke wa Mkuu huko Rombo. Yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri, na siku nzima tulikuwa tunabishana kwaya ya nani inaimba vizuri, huku tunakunja mashuka, yeye ameshika ncha zake, mimi zangu.

Nataka uelewe nilivyokuwa nafikiri siku zile. Nilikuwa nasikia watu wakitaja kiinua mgongo, na niliamini ni zawadi. Kwamba siku ukiondoka tajiri anakutazama, na kama alikupenda, anafungua mkoba. Basi nikafanya kazi ya kupendwa. Sikuchukua likizo mwaka baada ya mwaka, kwa sababu niliogopa wataona hoteli inaenda bila mimi. Mama Shayo akinisalimia kwa jina, nilirudi nyumbani nimefurahi kama mtu aliyewekewa akiba. Wewe ulikuwa unaumwa malaria nyumbani na mimi niko pale napiga pasi foronya za wageni. Hakuna aliyenilazimisha. Ni ujinga wangu, na ulinigharimu siku nyingi ambazo ningekuwa na wewe.

Ndipo ikaja habari kwamba hoteli imeuzwa. Bwana Temba akatuita wafuaji na watu wa jikoni nyuma kwenye kamba za kuanikia. Alikuwa mtu wa heshima yule, mcheshi, na kwenye misiba ya wafanyakazi hakukosa. Akasema, "Ndugu zangu, msiwe na wasiwasi. Mwenye mali mpya anawahitaji. Ila lazima aanze na watu wapya kwenye karatasi. Kwa hiyo kila mmoja atasaini barua ndogo kwamba ameacha kazi kwa hiari yake, halafu anaajiriwa upya kesho yake. Ni utaratibu tu."

Barua zilikuwa zimeshapigwa chapa. Zilibaki majina na sahihi.

Halafu akaniita pembeni. "Mama Haika, hawa wanakusikiliza wewe. Saini wa kwanza, watakufuata. Nimeshakutaja kwa mwenye mali mpya. Utakuwa msimamizi wa usafi wa hoteli nzima."

Sitakudanganya kwamba nilikasirika. Nilifurahi. Nilikwenda nyumbani na ile barua nimeikunja kwenye kanga, nikaanza kumsimulia baba yako habari za usimamizi. Akaniambia, "Basi saini, mke wangu. Ada ya mtoto inasubiri." Na alikuwa na haki, ada yako ilikuwa inasubiri kweli.

Nikaikunjua ili nisaini. Nikasoma: mimi fulani, naacha kazi kwa hiari yangu mwenyewe. Nikasoma tena kwa sauti. Baba yako akaacha kula. Akaniuliza, "Hiyo barua umeiandika wewe?" Nikasema hapana. "Sasa mtu anaachaje kazi kwa barua ambayo hakuiandika?" Tukatazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua sheria inasemaje. Tulijua tu kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Sikusaini.

Asubuhi nikamuuliza Bwana Temba mbele ya wenzangu. Ni mimi huyu, Haika, ambaye nilikuwa sijawahi kumuuliza mkubwa swali. "Samahani, Bwana Temba. Kama sisi ndio tunaoacha kazi, mbona barua mmetuandikia ninyi?"

Akacheka. "Mama Haika, usituletee siasa. Asiyesaini leo ataondoka na ndoo yake tu. Mimi nisije nikalaumiwa."

Watu wakainamisha vichwa. Nilidhani tumeshakubaliana kwa kunyamaza, lakini Mama Deo akatoka mbele, akaomba kalamu, akasaini. Mume wake alikuwa amelazwa, amevunjika mguu, na yeye ndiye aliyekuwa analisha nyumba. Hilo nilikuwa nalijua. Na bado nikamwambia, pale pale, watu wote wanasikia, "Umetuuza kwa bei ya kipande cha sabuni." Akarudi kukunja mashuka peke yake. Siku ile nilikuwa na haki kuhusu barua, lakini kwa Mama Deo sikuwa na haki hata kidogo. Nimejifunza kwamba mambo hayo mawili yanaweza kumpata mtu mmoja kwa siku moja.

Nikashuka Moshi mjini, ofisi ya kazi. Kabla ya kwenda niliwaambia wenzangu wasiogope, kwamba tukidai haki yetu, kwa miaka yote tuliyofanya, tutapata fedha za kununulia hata gari. Sijui nilizitoa wapi hizo habari. Eliudi wa jikoni alinisikia, akaenda siku ileile kupatana bei ya ng'ombe wa maziwa.

Pale ofisini nilimkuta dada mmoja, umri wake kama wako sasa, amesuka vizuri. Akanipa shikamoo, akanivutia kiti, akasikiliza mpaka mwisho bila kutazama simu. Halafu akaniambia, "Mama, vizuri hujasaini. Kiinua mgongo hiki kinalipwa mwajiri anapokuachisha kazi, na uwe umeshafanya kwake mwaka mzima au zaidi. Ukiacha mwenyewe kwa hiari, sheria haimlazimishi akulipe. Ukifukuzwa kwa utovu wa nidhamu, pia hulipwi. Ndiyo maana wanataka ionekane mmeacha wenyewe."

Nikamuuliza ni kiasi gani. Akasema, "Siyo chini ya mshahara wa msingi wa siku saba, kwa kila mwaka uliotimia. Na miaka inayohesabiwa haizidi kumi."

"Mimi nimepita kumi, mwanangu. Hiyo mingine je?"

"Sheria inaishia hapo, mama. Mkataba wako ukisema zaidi, au mwajiri akitaka kuongeza, ni sawa. Lakini kulazimishwa, analazimishwa hapo."

Lile gari liliondoka, na ng'ombe wa Eliudi akalifuata. Yule dada aliona uso wangu, wala hakunipamba kwa maneno matamu. Alinihesabia mengine: malipo ya notisi kama hawakunipa notisi. Malipo ya likizo ambayo sikuchukua, na hapo nikaona aibu kukumbuka kwa nini sikuichukua. Nauli ya kumrudisha mtu alikoajiriwa, kama alitolewa mbali. Hati ya utumishi, inayosema ulifanya kazi gani na kwa muda gani. Akasema, "Na michango yako ya mfuko wa hifadhi ya jamii ni jambo jingine kabisa, ni yako. Asije mtu akakuambia ukichukua hiki hupati kile."

Kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau. Akasema, "Sasa mama, nieleze mimi, kama vile mimi ni mwenzako wa kufulia." Nikaanza, nikakosea. Akanirekebisha. Nikaanza tena. Hakuniacha niondoke mpaka nilipoweza kueleza yote mwenyewe. Nilipofika mlangoni akanikimbilia: "Na yeyote aliyesaini kwa kutishwa, aje aseme. Lakini asichelewe, kulalamika kuna muda wake."

Niliporudi niliwaeleza wenzangu, na nilianza kwa kusema kwamba habari ya gari ilikuwa yangu, siyo ya serikali. Eliudi akapiga mahesabu kichwani, akasema, "Mama Haika, ng'ombe wangu amekuwa mbuzi." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Halafu tukaandika malalamiko, wote ambao hatukusaini.

Hoteli ikakabidhiwa. Mwenye mali mpya akaja na wafuaji wake. Wale waliosaini, walioahidiwa kuajiriwa kesho yake, hakuna hata mmoja aliyechukuliwa. Mama Deo akarudi Rombo na vyombo vyake, bila kuniaga.

Nililala na hilo jambo, nikaamka nalo. Mwisho nikakata jani la isale pale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikaenda Mkuu. Unajua isale kwetu ni nini. Anayekuletea amekuja kuomba msamaha, na humfukuzi. Nilimkuta Mama Deo anachambua maharage uani. Nikampa lile jani. Yeye akalipokea kwa mikono miwili, akasema, "Yesu na Maria! Umepanda gari mpaka huku Rombo kwa sababu ya kipande cha sabuni?" Tukalia, tukacheka, tukalia tena. Nikamwambia kuna siku ya usuluhishi Moshi, na muda wake wa kulalamika bado haujaisha.

Akakataa. "Niliandika jina langu kwa mkono wangu. Nitasema nini mbele ya watu?"

"Sema ulichoambiwa. Basi."

Akaja. Alivaa gauni lake la Jumapili. Tuliingia kwenye chumba kidogo, sisi upande mmoja, Bwana Temba upande mwingine, na pembeni yake Mama Shayo mwenyewe na fimbo yake. Alikuwa amezeeka sana. Msuluhishi alimsikiliza kila mtu. Bwana Temba aliposema Mama Deo aliacha kwa hiari na barua ipo, Mama Deo akasimama. Sauti ilikuwa ndogo, lakini haikukatika.

"Mimi nilisaini, ni kweli. Aliniambia nisiposaini nitaondoka na ndoo yangu tu. Na mume wangu alikuwa hospitali. Aliniambia kesho nitaajiriwa. Nilikuja hiyo kesho na aproni yangu nimeshaifua. Nikakuta watu wengine."

Mama Shayo akamgeukia meneja wake. "Temba, uliwaambia hivyo?"

"Mama, nilikuwa nakupunguzia gharama."

Yule mama akaegemea fimbo yake. Halafu akasema, hakumwambia Temba wala msuluhishi, alituambia sisi, "Mume wangu alipokuwa anakufa, mashuka yake mlikuwa mnafua ninyi, mara ngapi kwa siku. Mimi nilidhani mmeshalipwa haki zenu. Sikuuliza." Akamwambia msuluhishi, "Andika wote. Na huyu."

Tulilipwa, Haika. Kila mmoja kilicho chake, na Mama Deo naye. Hazikuwa fedha nyingi. Zangu zilimaliza ada yako ya mwaka ule, na kidogo kilichobaki kilitengeneza banda la ng'ombe ambamo baba yako yuko sasa hivi anapiga miluzi. Lakini ile hati ya utumishi ndiyo niliyokwenda nayo hospitali, wakanipa kazi ya kufua ninayoifanya mpaka leo, na kazi hiyo ndiyo iliyokupeleka chuo. Na huko hospitali likizo yangu nachukua. Uliponikuta nyumbani wiki nzima ile ukaniuliza kama naumwa, nilikuwa siumwi. Nilikuwa likizo.

Sasa sikia kitu ninachotaka kukuambia hasa. Bwana Temba hakuwa mtu mbaya. Ningependa kukuambia alikuwa mbaya, ingekuwa rahisi kwako usifanane naye. Alikuwa na watoto wa rika lako. Alikuwa anajua kazi yake. Alipewa jambo gumu, akaona njia fupi kupitia kwa watu wasiojua, akapita. Na Mama Shayo hakuwa mbaya, ila hakuuliza. Wewe unakwenda kukaa mahali walipokaa hao wawili. Ipo siku mkubwa wako atakuletea barua zilizokwishapigwa chapa akuambie, "Haika, wape wasaini, ni utaratibu tu." Wachuma chai watakuwa wamejipanga nje, na wengine watakuwa na mgonjwa hospitali. Sijui utafanya nini siku hiyo, na sitakuandikia kama darasani. Nimekuambia tu jinsi ile siku inavyokuwa kwa mtu aliyesimama nje kwenye foleni.

Lakini nitakuambia kwa nini usiku nalala vizuri. Unakumbuka ulipokuwa kwenye mazoezi ya kazi Dodoma, ukanipigia simu umekasirika kwa sababu gari la kurudi hosteli lilikuacha? Ulikuwa unalalamika kuhusu gari. Ukataja kwa kupita tu kwamba ulichelewa kwa sababu kulikuwa na mzee mtunza bustani anapunguzwa kazini, na wakubwa walimpa karatasi ya malipo yake asaini bila kumsomea. Ukakaa naye chini ukamsomea mstari kwa mstari, hiki cha likizo, hiki cha nauli, hiki kiinua mgongo, mpaka akaelewa. Ukaendelea kulalamika kuhusu gari. Mimi ndiye niliyekurudisha. Nikakuuliza, "Yule mzee alisemaje?"

Ukasema, "Alinishukuru mno mama, kama vile nimempa zangu. Mpaka nikaona aibu. Nikamwambia, 'Mzee, ni zako.'"

Sikukujibu siku ile, nikasema mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzuri tu. Nilikuwa nimekaa chini sakafuni chumba cha kufulia, nimeshika simu, wenzangu wananiuliza kuna msiba gani, na mimi nashindwa kuwaambia kwamba ni furaha. Hakuna aliyekufundisha maneno yale, si mimi, maana hadithi hii ulikuwa hujaisikia. Yalitoka kwako mwenyewe.

Nakusikia unaongea na jirani hapo njiani, umerudi. Naikunja hii barua niitie kwenye sanduku lako. Nenda Mufindi, mwanangu, wale watu wa chai wamepata bahati na bado hawajui.

Mimi mfuaji, mama yako, ninayejivuna bila kuona haya.